Diski na pedi mpya za breki kwenye Toyota Premio yangu: miezi kumi ya kupanda na kushuka Kitonga

Naishi Iringa, na kila mwezi nashuka Dar mara moja au mbili. Mwaka jana, katikati ya mteremko wa Kitonga nikiwa nyuma ya lori, stelingi ilianza kutetemeka kila nikikanyaga breki, na pedali ikawa inazama kuliko kawaida. Familia yangu ilikuwa ndani. Niliogopa kweli.

Fundi wa kwanza alinibadilishia pedi peke yake, za bei ya chini. Wiki mbili tu, mtetemo ukarudi. Wa pili akataka kuchonga diski. Nikamwomba apime kwanza, tukakuta zimeshakuwa nyembamba kupita kipimo cha mwisho kilichogongwa kwenye diski zenyewe (tafuta maandishi MIN TH). Diski iliyofika hapo haichongwi, inabadilishwa, maana ikiwa nyembamba inapata moto haraka mno.

Nikaagiza Kariakoo diski mbili za mbele na pedi za seramiki, jumla 290,000, na ufundi 40,000. Ila nawaambia, ufundi ndio ulioniponya. Kwanza kutu yote kwenye habu (kitovu cha gurudumu, diski inapokaa) ilisuguliwa kwa brashi ya waya, kwa sababu hata punje ya kutu ikibaki nyuma ya diski, diski inakaa upande na mtetemo unarudi. Diski mpya zikaoshwa kuondoa mafuta ya kuzuia kutu. Pini za kalipa (kifaa kinachobana pedi kwenye diski) zilipovutwa, moja ya kushoto ilikuwa imekwama. Ndiyo maana pedi ya ndani ilikuwa imeisha hadi chuma na ya nje bado nusu.

Mafuta ya breki nayo tuliyamwaga yote, tukaweka DOT 4. Mafuta haya hunyonya unyevu: mapya hayachemki kabla ya nyuzi 230, lakini yakishaingia maji yanaweza kuchemka kwenye 155 tu. Yakichemka, mvuke unaingia kwenye mfumo na pedali inazama. Nikaelewa kilichonipata Kitonga. Nati za tairi zilifungwa kwa toki renchi (spana inayopima nguvu ya kukaza), kwa kukingamisha, wala hakuna aliyepanda juu ya spana.

Jioni ile tukatoka nje ya mji kuzizoesha pedi: kutoka kilomita 60 kwa saa kushuka hadi 10, bila kusimama kabisa, kama mara kumi, halafu mwendo wa taratibu zipoe.

Sasa nimetembea kilomita 16,000 hivi. Stelingi imetulia, rimu hazijai vumbi jeusi kama zamani. Kasoro moja: asubuhi za baridi za Juni, breki ya kwanza hainati vizuri mpaka pedi zipate joto. Kitonga bado nashuka kwa gia nzito, breki naziachia zipumue.

Juzi tumefungua tena. Pedi zimebaki milimita 7. Pini ileile ya kushoto ilikuwa imeanza kukauka grisi, tukaisafisha na kuipaka upya.