TAHADHARI: Muuzaji wa "Z440 za kurenda" Kariakoo anaandika jina la prosesa kubwa juu ya ndogo

Wakuu, yule muuzaji wa kompyuta za mtumba za kurenda (kugeuza michoro ya 3D kuwa picha kamili) upande wa Aggrey, mwenye tangazo la "HP Z440, E5-2680 v4, kori 14, bei ya kishkaji" (E5-2680 v4 ni jina la prosesa, kori ni vitengo vyake vya kufanyia kazi), ni tapeli. Dogo wetu wa ramani za nyumba ameshalizwa milioni moja na laki mbili, na hela yenyewe ni advansi ya mteja. Inauma sana.

Oneni alivyochezewa. Anafika dukani, mashine imeshawashwa inamsubiri. Jamaa anafungua This PC, Properties, jina linasomeka lote: Xeon E5-2680 v4, 2.40GHz. Stika ya nje nayo hivyohivyo. Kisha anafungua Blender, programu ya picha za 3D, sebule yenye makochi, anabonyeza F12 irende, picha inaiva fasta. Mlitaka asiamini nini? Windows imeandika jina, kazi imefanyika mbele ya macho yake. Kumbe Cycles, injini ya kurenda ya Blender, ilikuwa imewekwa GPU Compute! Iliyorenda ni kadi ya picha, prosesa imekaa tu. Na kadi hiyo ikachomolewa wakati wa kufunga mzigo, eti "ya kujaribia", ikawekwa kadi dhaifu ya kutoa picha kwenye skrini, maana Xeon hizi hazina grafiki za ndani.

Nyumbani, Blender, Performance, Threads (thredi, yaani kazi ambazo prosesa inafanya kwa mpigo): 8. Ilitakiwa 28, mbili kwa kila kori.

Ndani mna E5-2609 v4. Kori 8, GHz 1.7, haina turbo (kujiongezea kasi), haina Hyper-Threading (thredi mbili kwa kila kori). Soketi ni ileile LGA 2011-3, kizazi kilekile cha 2016, ndiyo maana mashine inawaka bila kulalamika. Pigeni hesabu: 8 mara 1.7 ni 13.6, 14 mara 2.4 ni 33.6, na hapo turbo hatujaigusa. Renda ya saa 1 inakwenda saa 2 na nusu. Kwa mtu anayetakiwa kukabidhi picha asubuhi, huo ni wizi wa kazi yake, siyo wa hela tu.

Jina lilibadilishwa kwenye rejista ya Windows (daftari lake la mipangilio), sehemu ya ProcessorNameString. Windows huliandika upya kila inapowaka, kwa hiyo jamaa ameweka kijiprogramu kwenye Task Scheduler, ratiba ya Windows ya kazi za kujiendesha, kinacholipachika tena. Haya si makosa ya fundi. Mtu amekaa chini akapanga. Apelekwe Kituo cha Msimbazi, afunguliwe kesi ya kujipatia mali kwa udanganyifu, na FCC (Tume ya Ushindani) waje wakague duka zima! Mwenye meseji za muamala asizifute.

Dalili zilikuwepo. Alikataa kuizima na kuiwasha upya. Risiti ya EFD, ile ya mashine ya kodi, hakutoa. Ukienda kwa yeyote, izime, iwashe, bonyeza F10 uingie BIOS (programu ya bodi yenyewe), soma System Information: huko rejista haifiki. Au beba flashi ya Ubuntu, mfumo mwingine usio Windows, iwashie mashine kwayo, andika lscpu. CPU(s) isome 28, si 8. Kwenye Blender weka CPU kabla ya F12, acha irende dakika kumi huku unatazama GHz. 2680 v4 ikishuka chini ya 2.4, huenda hitisinki (chuma cha kupoza prosesa) imejaa vumbi au pesti (krimu ya kupitisha joto) imekauka. Ukiweza, fungua hitisinki usome mfuniko wa prosesa: SR2N7, namba ya 2680 v4. Ukikuta INTEL CONFIDENTIAL hiyo ni sampuli ya majaribio, mali ya Intel isiyoruhusiwa kuuzwa, na BIOS za HP zinaweza kuikataa. Nenda na pesti mpya ya kurudishia hitisinki.

Ramu pia angalieni. Z440 inasoma ramu kwa njia nne kwa mpigo, yeye anaweka kipande kimoja, inabaki njia moja.

Sasa hivi ametangaza Z640 za "kori 28". Z640 yenye prosesa mbili huwa na ya pili kwenye bodi yake ya kuchomeka. Fungueni ubavu wa kesi. Bodi hiyo isipokuwepo, 28 anazotaja ni thredi.