Uzoefu wangu: mita ya shilingi 650 na jetski (pikipiki ya majini) yangu kuukuu

Jamani mimi si mtu wa kuandika marivyuu lakini hii mita imenistiri wacha niiseme. Ni ile ndogo ya njano ya kupimia volti, iko karibu kila duka la vifaa vya stima, niliichukua Mombasa mjini kwa 650 nikijua itakaa kwenye droo tu kama vitu vyangu vingine.

Sasa, nina jetski ya miaka ya 90, tu-stroki silinda mbili, niliuziwa na jamaa aliyekuwa anahama, naiweka Mtwapa. Kusi yote ilikaa chini ya turubai maana bahari ilikuwa haifai, Novemba nikasema niitoe watoto wacheze. Nabonyeza stata, tak. Nabonyeza tena, tak. Basi hivyo hivyo.

Fundi wa kwanza (simtaji, tunaonana msikitini) akasema betri hiyo bro, haina maisha. Nikatoa karibu elfu kumi nikanunua mpya, saizi YB16CL-B, nikaijaza asidi nikaichaji vizuri, naifunga... tak. Akasema basi ni stata. Na kutoa stata kwenye hizi mashine ni adhabu, iko huko chini mkono hauingii, tukaitoa, akabadilisha kaboni (vile vipande vinavyopeleka moto ndani ya stata), tukaijaribu sakafuni na waya za kubusti inazunguka kama pangaboi, tukairudisha ndani, tak. Nikalipa, nikanyamaza.

Kuna mzee mmoja pale anatengeneza mashine za boti, alikuwa anatuangalia tu siku zote hizo. Siku ya tatu akaniita, "Mwanangu, mpaka sasa mmepima nini?" Nikakosa jibu maana hatukupima kitu, tulikuwa tunabahatisha na pesa yangu. Ndipo nikakumbuka ile mita kwenye droo.

Kitu cha kwanza alinifundisha hata si cha mita, ni kufungua kiti kabla hujagusa stata, uache kama dakika tano hivi, kwa sababu mvuke wa petroli unajaa humo ndani na cheche moja inakutosha.

Halafu tukapima. Betri ikiwa imetulia volti 12.7, safi kabisa. Mpwa wangu akabonyeza stata huku mimi nashikilia vichokoo, zile ncha mbili za mita, kwenye betri, ikashuka mpaka 12.1 tu. Mimi nikafurahi nikaona betri yangu mpya ina nguvu, mzee akacheka. Kumbe hapo ndipo siri ilipo, stata ikivuta moto, yaani umeme, sawasawa betri lazima ishuke zaidi ya hapo, hata 10 na kitu ni kawaida, na betri mbovu ingeanguka mpaka 8 huko. Ikibaki juu namna ile na stata haizunguki maana yake moto haufiki, kuna mahali njiani umezuiliwa.

Sasa njiani wapi? Kichokoo kimoja weka kwenye nguzo yenyewe ya negativu ya betri, sio kwenye lagi (kile kichwa cha chuma cha waya) iliyofungwa juu yake, kingine kwenye chuma cha injini, mtu abonyeze stata. Hapo inatakiwa usome kitu karibu na sifuri, tuseme volti 0.2 au 0.3. Mimi nilisoma 6.8! Yaani nusu ya betri inapotelea kwenye ule waya wa negativu unaotoka betri kwenda injini, kipande kisichozidi mita moja. Tukapima na upande wa pozitivu, kuanzia betri mpaka relei ya stata (swichi inayoipelekea stata moto), kisha relei yenyewe, huko kulikuwa kuzuri.

Ule waya kwa nje ulikuwa mzuri tu, mpira mweusi unang'aa. Nikauchana na kisu, shaba ndani imekuwa unga wa kijani, chumvi ilipenya kwenye lagi ikapanda taratibu miaka yote hiyo. Nikatafuta waya mpya wa shaba iliyopakwa bati, lagi tukazibana kwa koleo lake, pale unapofunga kwenye injini nikapiga msasa mpaka chuma kikang'aa, grisi juu. Ikawaka mkupuo wa kwanza, mpwa wangu karibu aanguke.

Wiki mbili baadaye ikaanza nyingine, ukiwa katikati ya bahari ukigonga wimbi inazima ghafla, dakika moja inawaka tena. Hii niliitafuta peke yangu. Kwenye yangu swichi ya kuzimia, ile yenye kamba ya mkononi, inafanya kazi kwa kugusanisha waya na ethi (chuma cha injini) ili plagi zikose moto, kwa hiyo kibanio cha ile kamba kikiwa mahali pake mita haitakiwi kulia. Nikachomoa soketi ya swichi, nikaweka mita kwenye mlio (inalia waya zikigusana), nikawa natikisa waya kidogo kidogo, kimya kimya, nikafika pale unapokunjika chini ya usukani, piiip. Swichi mpya nikaweka. Kuna watu wanaichomoa tu wanaendelea na safari, tafadhali, ukianguka ile mashine inaondoka bila wewe.

Chaji pia nilipima, ikiwa imewashwa na imepandishwa resi inasoma 14.1, sikuhangaika nayo. Ukipima hivyo nchi kavu kumbuka bomba la maji la kupozea injini, na washa injini kwanza ndio ufungue maji, ukizima funga maji kwanza, ukikosea maji yanaingia kwenye injini na hapo hakuna mita itakusaidia.

Ubaya wa mita yenyewe: kioo hakisomeki juani, ilibidi mpwa wangu asimame na kanga ya mamake kunitengenezea kivuli. Waya za vichokoo ni nyembamba, mmoja umeshakatika nikauchomelea. Na kuna tundu limeandikwa 10A, usithubutu kupimia moto wa stata hapo, ni mwingi mno utaichoma. Mlio wake nao ni mdogo, upepo ukivuma husikii.

Naipa nane kwa kumi. Yule fundi wa kwanza amekuja juzi kuiazima, nimempa.