Usilipie kiti cha roshani: uzoefu wangu wa kumuaga Ganpati, Pune

Kama unakwenda India na tarehe unazichagua mwenyewe, panga uwe Pune siku ya Anant Chaturdashi, siku ya kumuaga Ganesh kwa kuzamisha sanamu zake majini, mungu mwenye kichwa cha tembo ambaye Wamarathi, wenyeji wa huko, humwita Ganpati. Wageni wengi hukimbilia ufukwe wa Girgaon kule Mumbai, na sishangai, maana sanamu za kule ni kubwa mno. Mimi nasema Pune, na sababu yangu ni ngoma.

Nililipia huduma kupitia nyumba ya wageni niliyofikia: kijana mwenyeji wa kutembea nami, chakula cha mchana, na kiti kwenye roshani inayotazama Laxmi Road, barabara yanakopita maandamano. Kijana alistahili kila rupia. Kiti, hapana. Kule juu unaona vilemba na bendera, unapiga picha zako, basi. Hata chai haijapoa nikamwomba tushuke.

Mambo yako chini. Wanatangulia vijana wanaochora rangoli, mapambo ya unga wa rangi juu ya lami, halafu linakuja kundi la ngoma za dhol na tasha, wanaume kwa wanawake, nguo nyeupe na vilemba vya rangi ya zafarani. Dhol hufungwa kiunoni. Upande mmoja unapigwa kwa fimbo, wa pili kwa kiganja. Tasha ni ndogo, inapigwa kwa vijiti vyembamba, na mlio wake ni mkali kama mvua ya mawe juu ya bati. Makumi ya dhol yakiingia kwa pamoja, unayasikia kifuani kabla ya masikioni. Dada mmoja aliyekuwa akipiga karibu yangu alikuwa amezungushia vidole plasta, moja imelowa damu, na kila mdundo ulipoanza upya alitabasamu. Makundi haya hufanya mazoezi kwa wiki nyingi kandokando ya mto Mutha, watu wakitoka kazini na masomoni.

Ibada ya Ganpati majumbani ni ya tangu zamani. Ni Bal Gangadhar Tilak, mpinzani wa utawala wa Waingereza, aliyehimiza mwaka 1893 sherehe hii ifanywe hadharani ili watu wa matabaka yote wakutane. Mpaka leo maandamano huanzia soko la Mandai, penye sanamu ya Tilak, Ganpati wa mtaa wa Kasba akiwa wa kwanza, na saa 24 hupita kabla kundi la mwisho halijafika mtoni.

Hakuna aliyeniuliza dini yangu wala natoka wapi kabla ya kunikaribisha. Mama mmoja alinipaka gulal, poda ya rangi, nyekundu mashavuni, akanitia modak mkononi: unga wa mchele uliopikwa kwa mvuke, ndani nazi na sukari guru. Mtu wa pwani ukiitafuna hiyo, ugeni unakwisha hapo hapo. Wakaita "Ganpati Bappa!", nikajibu "Morya!" kwa sauti yangu yote, na wazee waliokuwa pembeni wakanipigia makofi. Baadaye likaja gari la wagonjwa. Umati uliobanana hata sindano haipiti ukagawanyika, gari likapita, na ngoma zikaendelea. Sijaona nidhamu kama ile mahali penye furaha kiasi kile.

Sasa kasoro. Vyoo ni shida, hasa kwa wanawake. Kijana wangu alijua mgahawa wa kutuhifadhi, peke yangu ningehangaika. Chukua vizibo vya masikio, na simu iwe mfuko wa mbele. Usiku ukiingia huja makundi yenye maspika makubwa badala ya ngoma, na kwangu utamu ulipungua. Ukitaka kuona sanamu zikizamishwa, tangulia mtoni mapema. Nyingi sasa huingizwa kwenye matangi yaliyowekwa kando, ili mto usichafuke kwa plasta na rangi za sanamu, na wanafamilia huimba mpaka sanamu inapotokomea majini.

Sherehe naipa nyota tano. Huduma naipa nne, na ingepata ya tano kama wangeuza msindikizaji bila kiti. Tarehe hufuata mwandamo wa mwezi, kwa hiyo hubadilika kila mwaka. 2025 ilikuwa 6 Septemba. Chukua chumba mji wa kale, kwa sababu barabara za katikati hufungwa na utarudi kwa miguu. Nguo uvae usiyoihurumia, maana gulal haitoki kirahisi, na mvua za msimu huwa bado hazijaisha.