TAHADHARI: Muuza heda za turbo anayekupa kaliba upime mwenyewe

Wakuu, nimekaa na hili siku nne bila kuandika, maana baadhi yenu mlinikataza kununua heda kwa huyu mtu (heda ni mabomba ya kupeleka moshi wa injini kwenye turbo, ile feni inayozungushwa na moshi ili kuisukumia injini hewa), nikabisha. Leo nimeona tangazo lake limerudi, na kwenye picha ya tatu kuna manifoldi YANGU. Ile ya kiwandani, iliyokuwa inafanya kazi hiyo kabla ya heda, yenye alama mbili za patasi nilizozipiga mwenyewe karibu na tundu la bolti la silinda ya nne. Anaiuza! Nikinyamaza, na mwingine ataumia.

Gari langu lina injini ya Nissan SR20DET, ya silinda nne yenye turbo. Ninachotaka mjue ni jinsi alivyonipata.

Aliviweka vyote viwili mezani. Manifoldi yangu ya SR20DET pale, chuma cha kusubu, kizito, kimekwaruza kama jiwe. Pembeni heda yake, mabomba manne yanang'aa, weldi zina rangi ya dhahabu na buluu. Akaanza kunielekeza, na kinachoniuma mpaka sasa ni kwamba maneno yake mengi yalikuwa ya kweli. Kwamba ya kiwandani imeundwa idumu na ienee kwenye nafasi finyu, njia zake ni fupi na hazilingani, moshi wa silinda moja unaingiliana na wa nyingine. Kwamba mabomba ya urefu sawa yanaupeleka moshi kwenye turbo kwa zamu, silinda zinavyowaka, 1-3-4-2, na injini inapumua vizuri zaidi mizunguko ikipanda. Mtu anakutajia mpangilio wa injini yako bila kuangalia popote, utamshuku kwa lipi?

Na swali la maana nilimuuliza. Nilimwambia turbo yote inaning'inia hapo, bomba jembamba litapasuka. Hakubisha hata kidogo. Akatoa kaliba (kile kifaa cha kupimia unene) mfukoni, akanipa mkononi: "Pima mwenyewe, mkuu."

Nikapima unene wa chuma mdomoni mwa bomba la kwanza, milimita 3.0. La pili, 3.0. La tatu na la nne vilevile. Kwenye flenji, lile bamba la kufungia bolti, pamechorwa SUS304, yaani aina ya chuma kisichoshika kutu, herufi safi kabisa. Nilipima kwa mkono wangu na kusoma kwa macho yangu. Ndiyo maana nilimwamini, na ndiyo maana hata nyumbani nilishindwa kusema kwa siku kadhaa. Akasema nikimwachia manifoldi ya zamani atanipunguzia hela. Nikamwachia. Hilo ndilo linaninyima usingizi kuliko hela zenyewe.

Kufunga kulikuwa shida tangu mwanzo. Matundu mawili hayakukutana na bolti, fundi akayapanua kwa tupa. Wiki ya tatu, asubuhi injini ikiwa baridi, nikaanza kusikia chwi-chwi-chwi, ikipata moto sauti inapotea. Nikajipa moyo kuwa ni gasketi. Kumbe chuma kikipata moto kinatanuka na ufa unajifumba, ukipoa unafunguka tena. Halafu turbo ikaanza kuchelewa: zamani ikifika mizunguko 3,000 unahisi inakusukuma, sasa napita 4,000 ndiyo inaamka. Presha iliyotakiwa kuzungusha turbo ilikuwa inavujia njiani. Siku ya mwisho nikasikia harufu ya plastiki inaungua. Kufungua boneti, ufa chini ya silinda ya tatu, nusu ya mzunguko wa bomba, na kava la nyaya lililo mbele yake limeyeyuka. Ningechelewa dakika chache ningepoteza gari lote.

Fundi akalikata bomba kwa grainda, na hapo ndipo tulipoelewa. Ndani ya kila mdomo amechomelea PETE. Pete ya chuma, kina chake kama sentimita mbili, ili ukipima mdomoni usome milimita 3. Ukipita pete, bomba lenyewe ni 1.2! Heda za turbo za bomba nene huwa kuanzia kama milimita 2.8 kwenda juu. Na hiyo pete inaziba njia ya moshi, kidole kikipita unahisi ngazi kabisa. Kwa hiyo hata kabla haijapasuka huenda ilikuwa inapumua vibaya kuliko kile chuma cha kusubu nilichokitoa. Fundi akasogeza sumaku yake, ikanasa kwa nguvu katikati ya bomba. 304 ya kweli haishiki hivyo, labda ivutwe kidogo penye weldi au kona. Sisemi kila kinachonasa sumaku ni kibaya, 409, aina nyingine ya chuma kisichoshika kutu, inanasa na viwanda vinaitumia kwenye ekzosi. Ila usiniandikie 304!

Huu si ubabaishaji wa kazi. Mtu alikaa chini, akakata pete nne, akazichomelea, akazisafisha ili zisionekane, akijua kabisa mtu ataendesha gari na kitu hicho. Huyu anastahili polisi, wala si kuombwa arudishe hela. Vifaa vyake vyote vya kuchomelea vichukuliwe. Mwenye picha za mazungumzo naye azitunze, tukienda kushtaki tuwe wengi. Nimempigia mara sita, ya saba amenifungia.

Nikirudi nyuma dalili zilikuwepo. Alikataa nimpelekee fundi aione kabla sijalipa. Karatasi ya kupimia nguvu za injini aliyonionyesha haikuonyesha ni gari gani. Aling'ang'ania sana manifoldi yangu ya zamani. Heda haikuwa na kishikizo chochote cha kubebea turbo. Ukipima, usipime mdomoni tu, angalia na ndani kwa tochi, na uwe na sumaku.

Manifoldi ya SR20DET yenye alama mbili za patasi kwenye tundu la mwisho la bolti ni yangu. Mkiletewa msiinunue, nitumieni picha na mahali ilipo, usiku au mchana.