Greni 115, 124 au 147? Kununua risasi za mashindano ya rashasha ndogo

Zinazozungumziwa hapa ni rashasha ndogo za risasi ya milimita 9×19, yaani Uzi, MP5, MAC, Sten na ndugu zao, ambazo huko Marekani wenye vibali hushindana nazo katika viwanja vya klabu. Si ile SMG ya taarifa za polisi wa kwetu, ambayo mara nyingi huwa AK.

Anza na hesabu. Zidisha uzito wa kichwa cha risasi kwa greni (kipimo kidogo cha uzito) na mwendo wake kwa futi kwa sekunde, kisha gawanya kwa 1,000; jibu ni kipimo cha nguvu ya risasi. Cha 115 kikitoka kwa 1,250 unapata 144. Cha 124 kwa 1,200 ni 149, na cha 147 kwa 1,000 ni 147. Sahani ya chuma inayotumika kama shabaha haitambui tofauti hiyo. Anayedai kwamba 147 huangusha chuma vizuri zaidi, muulize kronografu yake, yaani kifaa cha kupima mwendo wa risasi, inasoma ngapi. Sahani inayogoma kuanguka kwa kawaida imepigwa chini mno. Kwa hiyo chagua kwa kuangalia bunduki yako, na kama umefunga kiwambo cha sauti, yaani kifaa cha mdomoni mwa mtutu cha kupunguza mlio.

Nafasi ya kwanza: 124, kichwa cha mviringo, koti kamili la shaba. Hulishwa bila shida na karibu kila magazini, na ina nguvu ya kutosha kurudisha bolti (kipande kinachosukuma risasi kwenye mtutu kisha kurudi nyuma) hadi mwisho. Epuka ya kiwango cha NATO ikiwa bunduki yako ni kuukuu: ni kali zaidi, bolti hurudi kwa kasi na kugonga nyuma, na bunduki inayofyatua mfululizo inazidi kukutoka mikononi.

Nafasi ya pili: 147, lakini ukiwa na kiwambo inapanda hadi ya kwanza. Sauti husafiri takriban futi 1,125 kwa sekunde kwenye nyuzi 20, na takriban 1,086 kwenye nyuzi 0. Kichwa kinachokwenda 1,000 hakitoi mpasuko wa hewani wa kitu kinachoipita sauti, ilhali 115 na 124 za kawaida huutoa hata kiwambo kiwe kizuri namna gani. Pima kwa mtutu wako mwenyewe, kwa kuwa namba ya kwenye boksi mara nyingi imepimwa kwa bastola.

Hapa ndipo pa kuwa mwangalifu. Risasi za 147 zilizopunguzwa nguvu ili teke la bunduki liwe laini zinaweza kushindwa kurudisha bolti ya bunduki inayofyatua bolti ikiwa wazi (bolti husubiri nyuma mpaka uvute kifyatulio), kama Uzi au Sten. Bolti hufika nyuma kiasi cha kuokota risasi nyingine, ila haifikii kidoko cha kuikamata, na bunduki huendelea kufyatua hata ukiachia kifyatulio. Kwa hiyo jaribio la kwanza liwe na risasi mbili tu kwenye magazini. Ikitokea, shikilia mtutu kwenye tuta mpaka iishe.

Jambo la pili: kichwa cha 147 ni kirefu, na mtutu uliochakaa huenda usikizungushe vya kutosha. Piga karatasi kwa mita 15 bila kiwambo. Tundu likiwa la duara, endelea. Likiwa kama yai, kichwa kinayumba na kitakata kuta za ndani za kiwambo. Nyingi za 147 pia zina pua bapa, ambayo inaweza kukwama kwenye mlango wa chemba (sehemu ya mtutu inamokaa risasi) za zamani.

Nafasi ya tatu: 115. Ndiyo ya bei nafuu kuliko zote, nayo inatosha kabisa kwa mazoezi. Kosa lake kubwa ni kelele.

Risasi yenye kichwa cha madini tupu ya risasi, kisicho na koti, usiinunue kwa MP5. Chemba yake ina mifereji ya kupitisha gesi, na mabaki ya madini hayo huiziba hadi maganda yanang'ang'ania. Ukiwa dukani, pitisha sumaku kwenye kichwa: ikinasa, kichwa kina chuma, na viwanja vingi huzikataa kwa sababu ya cheche na uharibifu wa shabaha.

Nunua kwanza boksi moja la 50 la kila aina unayoifikiria. Piga 10 kwenye kronografu, zilizobaki kwa mafungu mafupi, na tazama maganda yanaangukia wapi: yakirundikana miguuni, bolti inarudi polepole. Ukishachagua, nunua katoni ya 1,000 yenye namba moja ya toleo. Toleo likibadilika, pima upya mwendo na rekebisha vilengeo vya bunduki.