Boksi, mabegi ya turubai na keria: uzoefu wangu wa kupanga mizigo kwenye pikipiki ya kwanza, Moshi

Anayenunua pikipiki ya kwanza kwa ajili ya kazi hushauriwa na kila mtu kuhusu injini, ulaji wa mafuta na upatikanaji wa vipuri, lakini ni nadra kumpata wa kumweleza mzigo wake utakaa wapi na utafungwa vipi. Mimi ninatoa huduma za mifugo, makazi yangu yakiwa Moshi mjini, na nilinunua Boxer BM 150 ili niwafikie wafugaji wa Kibosho na Uru upande wa mlimani, pamoja na wale wa Mabogini, Chekereni na Kahe upande wa tambarare. Tangu hapo nimetumia boksi la plastiki la nyuma, mabegi ya turubai ya pembeni, begi la tenki na mipira ya tyubu, na msimamo wangu ninauweka wazi mapema: kwa pikipiki ya ukubwa huu inayopita barabara za udongo, fedha ya kwanza inastahili kwenda kwenye mabegi laini ya pembeni, na boksi lije baadaye, tena lipewe vitu vyepesi tu.

Kabla ya kuingia dukani nilitandaza vifaa vyangu vyote mkekani na kuvipima kimoja kimoja kwa mzani. Kulikuwa na kibebeo cha chanjo, chupa za dawa ya kupe na dawa ya minyoo, sindano na glovu, ovaroli, buti za mpira, kamba ya kumfungia ng'ombe, koti la mvua na daftari la kumbukumbu. Kazi hiyo ndogo ilinifundisha zaidi kuliko maelezo ya wauzaji, kwa sababu ilionyesha kwamba vitu vinavyochukua nafasi kubwa, yaani ovaroli, glovu na koti, havina uzito, wakati chupa za dawa zinazoonekana ndogo ndizo zinazolemea. Ilionyesha pia kwamba dawa ya kupe haiwezi kukaa pamoja na chakula wala nguo, kwani kifuniko kikilegea njiani sumu inasambaa kwenye kila kitu, na kwamba chanjo ya kideri, ugonjwa wa kuku, hata hii ya aina ya I-2 inayosifiwa kwa kustahimili joto, inahitaji kukaa kwenye ubaridi mbali na jua na mbali na bomba la moshi. Ninamshauri kila anayeanza afanye hivyo, awe fundi umeme, muuza mitumba au mwalimu anayebeba madaftari ya wanafunzi, kwa kuwa begi huchaguliwa kwa mzigo uliopo.

Baada ya mzigo, jambo la pili ni keria. Boxer inakuja na keria ya chuma iliyo imara, na hiyo ni sababu mojawapo ya kupendwa na bodaboda, lakini uimara wa chuma usimfanye mtu asahau mahali keria yenyewe ilipo. Sehemu kubwa ya keria iko nyuma ya ekseli ya gurudumu la nyuma. Mzigo ukikaa hapo, ekseli inageuka kuwa egemeo: kadiri uzito unavyosogea nyuma na juu, ndivyo gurudumu la mbele linavyopunguziwa uzito na kushika barabara kwa shida. Kwenye lami ya kuelekea Arusha jambo hili halionekani sana, ila basi kubwa linapopishana nawe na upepo wake ukasukuma boksi. Linaonekana waziwazi unapoacha lami na kupanda kwenye vijia vya migombani vya Kibosho wakati wa masika, udongo mwekundu ukiwa umelowa, ambapo hendeli inakuwa nyepesi mikononi na gurudumu la mbele linateleza kwenda pembeni kabla hujaamua kugeuka. Mzigo ule ule ukigawanywa pande mbili, chini ya usawa wa siti na mbele ya ekseli ya nyuma, pikipiki inatulia. Wazee waliobeba maji kwa mzegazega walilijua hili bila kufundishwa, kwamba ndoo mbili zilizolingana hubebeka kwa urahisi kuliko moja iliyoning'inia upande mmoja.

Boksi nililonunua ni la plastiki nyeusi, la lita 45, lenye kufuli na kitako kinachofungwa kwenye keria kwa bolti nne. Nililipa shilingi 95,000 katika duka la vipuri mjini. Uzuri wake ni wa kweli na siutaki kuupunguza: helmeti inaingia nzima, daftari na nguo hubaki safi hata vumbi la Kahe likiwa jingi, na ninapoingia bandani kwa mfugaji sihitaji kubeba kila kitu mkononi. Udhaifu wake ulianza kujitokeza kwenye barabara za changarawe zenye mawimbi. Mtetemo ulilegeza nati, kisha kitako kikaanza kucheza, kisha nyufa ndogo zikatokea kwenye plastiki kuzunguka matundu ya bolti. Muuzaji hakuwa ameeleza popote uzito unaoruhusiwa kubebwa, na hilo ninaliona kuwa kasoro kubwa kuliko nyufa zenyewe. Kampuni ya Givi ya Italia, iliyoanzishwa mwaka 1978 na inayojulikana sana kwa masanduku ya pikipiki, huweka kikomo cha kilo 3 kwa masanduku yake ya mfumo wa Monolock na kilo 10 kwa yale ya mfumo mzito zaidi wa Monokey. Ikiwa mtengenezaji mwenye jina kama hilo anaweka kikomo cha kilo 3 kwa sanduku lenye nafasi ya kutosha kupakia nyingi zaidi, basi boksi la bei nafuu lisilo na maelezo yoyote halipaswi kubebeshwa chupa za dawa.

Fundi wa kuchomelea alinikatia bamba la chuma chepesi linalolingana na kitako, tukaliweka chini yake ili bolti zivute chuma badala ya plastiki. Kati ya bamba na keria tukaweka vipande vya tyubu kuukuu vya kumeza mtetemo, washa pana zikachukua nafasi ya zile ndogo, na nati za kawaida zikabadilishwa kwa zile zenye pete ya nailoni ndani, ambazo hazifunguki zenyewe kirahisi. Tangu marekebisho hayo boksi limetulia. Hata hivyo, sasa linabeba ovaroli, glovu, koti la mvua na helmeti tu. Kufuli lake ninalichukulia kuwa kizuizi cha mtu mdokozi, kwani bisibisi ya kawaida inaweza kulifungua, na kwa hiyo simu na fedha havilali humo hata kwa dakika chache ninapokuwa sokoni Mbuyuni.

Mabegi ya pembeni ndiyo yaliyonifurahisha zaidi. Kushona turubai ni ufundi uliozoeleka Moshi na Arusha, kwa sababu mafundi wanaoshona vifuniko vya malori na viti vya daladala wana cherehani zenye nguvu, uzi mnene wa nailoni na vipande vya turubai vinavyobaki. Wazo la kugeuza turubai ya lori kuwa begi si la mafukara wala la kubahatisha. Kampuni ya Ortlieb ya Ujerumani, ambayo mabegi yake ya baiskeli yanauzwa kwa bei kubwa Ulaya, ilianza mwaka 1982 baada ya mwanzilishi wake, akiwa safarini kwa baiskeli nchini Uingereza kwenye mvua, kuona jinsi turubai za malori zilivyokinga mizigo. Tofauti iliyopo ni kwamba mabegi ya namna hiyo huunganishwa kwa joto, bila sindano, wakati fundi wetu anashona, na kila tundu la sindano ni njia ya maji. Fundi niliyemwendea pale Majengo alilijua hilo kabla sijamwambia: alikunja kingo mara mbili, akashona mistari miwili sambamba, kisha akapaka gundi ya viatu upande wa ndani wa mshono mzima na kubandika juu yake utepe wa turubai ile ile.

Mdomo wa begi hauna zipu. Unakunjwa mara tatu kuelekea nje na kubanwa kwa mkanda wenye bizimu, na ninausisitiza sana mtindo huu, kwa sababu vumbi la tambarare huingia kwenye meno ya zipu na kuyasaga hadi yasishikane tena. Ndani ya kila begi ninaweka mfuko mzito wa plastiki kama kinga ya pili. Mvua ya masika imenikuta njiani kati ya Boma Ng'ombe na Moshi, ikanyesha bila kukatika hadi nikafika, na kilicholowa ni kamba niliyoifunga nje. Kwa jozi ya mabegi, pamoja na mikanda, nililipa shilingi 80,000, bei ninayoiona kuwa ya haki kwa kazi ya mikono iliyofanywa kwa uangalifu.

Begi laini halijitegemei, na hapa ndipo ninapomwomba msomaji awe makini kupita sehemu nyingine zote. Bila fremu litaingia kwenye spoku au litagusa bomba la moshi na kuyeyuka. Nilichongewa fremu mbili za chuma cha mviringo, zinazofungwa kwa bolti kwenye keria kwa juu na kwenye bolti ya juu ya shokapu kwa nyuma, kwa hiyo zinatoka zote kwa spana moja pikipiki inapokwenda kuoshwa au kutengenezwa. Fundi alitaka kuzichomelea moja kwa moja kwenye chasisi, nami nikakataa, kwa kuwa joto la kuchomelea hudhoofisha chuma cha chasisi, na umeme wa mashine unaweza kuharibu mfumo wa umeme wa pikipiki ikiwa betri haikutenganishwa. Upande wa bomba la moshi fremu imesogezwa nje kwa upana wa ngumi na kuongezewa bamba jembamba la kukinga joto, na begi la upande huo ndilo linalobeba buti na kamba, wakati kibebeo cha chanjo kimekaa upande wa pili. Kabla ya kulipa, nilimpakia mtu mzito nyuma na kumwomba aruke-ruke juu ya siti huku fundi akiangalia kama begi linagusa tairi, kama indiketa zinaonekana na kama mguu wa abiria una mahali pa kukanyaga. Kipimo hicho hakina gharama, na kilionyesha kwamba indiketa moja ilikuwa imefunikwa nusu, ikabidi fremu irudishwe mezani.

Mahali ambapo turubai inasuguana na fremu ndipo panapochakaa kwanza. Kwangu rangi ya bluu ilianza kufifia na nyuzi nyeupe za ndani kuonekana kwenye kona ya chini. Kiraka cha raba kilichoshonwa juu ya kona hiyo kimezuia uharibifu, na anayeagiza begi jipya aombe kiraka hicho tangu mwanzo.

Mipira ya tyubu, ambayo bodaboda wote wanayo, ninaiheshimu. Inabana vizuri, inavutika kidogo barabara inapotikisa, na bei yake ni ndogo mno. Jua huikausha na kuipasua, kwa hiyo ninaikagua kwa kuivuta na kuitazama kama ina mipasuko midogo, na ncha inayobaki ninaichomeka chini ya fundo ili isije ikaning'inia na kumezwa na cheni. Ile mipira ya rangi yenye kulabu za chuma siitumii kabisa, kwani kulabu ikichomoka huruka kwa nguvu kuelekea usoni. Begi la tenki ninalo dogo, lenye sumaku, la leseni, kadi ya pikipiki na chupa ya maji. Linatosha kwa kazi hiyo, ila sumaku hunasa vumbi lenye chembe za chuma na kukwaruza rangi ya tenki, hivyo linahitaji kitambaa safi chini yake.

Pikipiki ikishapakiwa, inahitaji kurekebishwa kama mashine iliyobadilika. Shokapu za nyuma ninazipandisha ngazi moja kwa kugeuza pete yake, upepo wa tairi la nyuma ninaujaza kwa kiwango cha kubeba watu wawili kilichoandikwa kwenye kitabu, na ulegevu wa cheni ninaupima mzigo ukiwa juu yake, kwa sababu nyuma ya pikipiki ikilemewa na kushuka cheni hukaza zaidi. Taa ya mbele nayo huinuka na kuwamulika usoni wanaokuja, jambo ambalo anayerudi mjini usiku kwa barabara ya Himo au ya Arusha anapaswa kulirekebisha kwa kuishusha kidogo.

Masanduku ya alumini ya pembeni, kama yale yanayoonekana Arusha kwenye pikipiki kubwa za watalii wanaovuka Afrika, nimeyatazama kwa karibu na sitayanunua. Ni mazito hata yakiwa matupu, na uzito huo unakula sehemu kubwa ya kile ambacho pikipiki ya cc 150 inaweza kubeba kwa usalama. Jambo linalonitia hofu zaidi ni miguu. Kwenye tope dereva hushusha mguu kujizuia asianguke, na sanduku gumu linaweza kuusukuma au kuubana mguu huo kwa nyuma, wakati begi la turubai linabonyea. Kwa mtu anayesafiri kwenye lami tu, anayeacha pikipiki nje ya ofisi kutwa nzima na mwenye mzigo mwepesi unaohitaji kufungiwa, boksi la plastiki lenye bamba la chuma chini yake linamtosha bila kuongeza kitu kingine, na sioni sababu ya kumgharimisha fremu.