Boksi la mekanika la shilingi 185,000: kigari safi, mizani moja inadanganya

Nafundisha fizikia hapa Tanga, kidato cha pili, mwaka wa kumi na moja huu. Miaka yote hiyo sheria za Newton nilizifundisha kwa chaki: nachora boksi ubaoni, nachora mshale, naandika F = ma, yaani kani (nguvu ya kuvuta au kusukuma) ni tungamo (wingi wa maada) mara mchapuko (mwendo unavyoongezeka kila sekunde), watoto wananakili, tunasonga. Mwezi wa pili nilikwenda Dar kwenye msiba, na siku ya kurudi nikapitia Kariakoo. Nikatoka na boksi la vifaa vya mekanika. Muuzaji alianza na 240,000, tukaishia 185,000, pesa yangu mwenyewe. Duka silitaji, maana mengine nitakayosema si mazuri.

Ndani kuna kigari cha mbao chenye magurudumu matatu, tika ya kugonga nukta kwa kaboni kwenye utepe unaoburutwa na kigari, roli moja ya utepe, kapi lenye kibano, mizani mbili za springi za nyutoni 10, mawe matano ya gramu 100, uzi na kijitabu. "Mwalimu, hapo umemaliza, huhitaji kitu kingine," aliniambia. Kumbe tika inataka volti 12 za umeme wa AC, na transfoma haimo. Nikaazima ya maabara ya shule jirani. Ubao wa kukimbizia kigari nao haumo. Fundi seremala alinikatia paini ya mita moja na nusu.

Niseme kwanza nilichokipenda. Tika haina saa wala betri ya kuisha. Umeme wetu unapiga mizunguko 50 kwa sekunde, nayo inagonga nukta 50. Kutoka nukta moja hadi nyingine ni sekunde 0.02, basi. Ukikata utepe kila baada ya nafasi kumi, kila kipande ni sekunde 0.2 za safari ya kigari. Watoto wakavibandika kwa mpangilio kwenye manila, zikatokea ngazi. Mmoja akauliza, "Madam, sasa hii ndiyo mchapuko?" Ndiyo hiyo, mwanangu. Kwa chaki sijawahi kuulizwa hivyo.

Ngazi ile ndiyo iliyonitia jasho. Kigari nilikipima kwa muuza samaki mwenye mizani ya dijitali: kilo moja kamili. Jiwe la gramu 100 lililoning'inia kwenye kapi linavuta kwa nyutoni 0.98, na kinachovutwa ni kigari pamoja na jiwe lenyewe, kilo 1.1. Gawanya: kila sekunde mwendo unapaswa kuongezeka mita 0.89 kwa sekunde. Kwa hesabu hiyo (0.89 mara 0.2 mara 0.2) kila kipande kizidi cha kabla yake kwa sentimita 3.6. Vyetu vilizidiana kwa sentimita 2.5, yaani mchapuko wa 0.62. Darasa la watoto 54 limekaa kimya linanitazama.

Kijitabu kinasema matokeo "yatalingana na nadharia". Hakisemi neno juu ya msuguano. Tukarudi kwenye hesabu: 0.62 mara 1.1 ni nyutoni 0.68. Jiwe limetoa 0.98, kwa hiyo nyutoni 0.30 zimeliwa njiani. Na nani? Gurudumu la nyuma la kushoto lilikuwa likikwaruza. Nikalitia matone mawili ya mafuta ya cherehani, vipande vikaanza kuzidiana kwa sentimita 2.9. Kisha tukainua upande mmoja wa ubao kwa kaunta buku, ile nene ya kwaya tatu, mpaka kigari ukikisukuma kidogo bila jiwe kinakwenda bila kuharakisha wala kuchoka. Tukarudia: sentimita 3.5. Nilitaka kupiga vigelegele.

Jambo ambalo kijitabu hakikuliwaza kabisa lilitokea baada ya hapo. Jiwe likifika sakafuni, uzi unalegea, lakini kigari bado kina kipande cha ubao mbele yake. Tazama utepe: nukta zinaachana, zinaachana, halafu ghafla nafasi zinakuwa sawasawa, nukta kama kumi na tano, sentimita mbili na kitu kila moja. Hakuna kinachovuta, na kigari hakisimami. Sheria ya kwanza imejiandika yenyewe kwa kaboni. Bila kaunta buku huioni. Nafasi zinabanana tena na mtoto anarudi nyumbani akiamini kwamba kitu kikiachwa lazima kisimame.

Mizani sasa. Kwa sheria ya tatu (ukikivuta kitu, nacho kinakuvuta kwa kani ileile) unazishikanisha kulabu kwa kulabu, watoto wawili wanavuta. Niliwauliza kabla: mnene na mwembamba, ya nani itasoma zaidi? Wote wakasema ya mnene. Wakavuta. Moja 6.0, nyingine 6.4, na kwa bahati mbaya ile ya 6.4 ilikuwa mkononi mwa mnene. Kelele! "Newton kashindwa, Madam!" Nikawaambia wabadilishane. Sasa 6.4 ikawa kwa mwembamba. Tukaining'iniza ile mizani tupu, ikasoma 0.4 bila kitu chochote. Skrubu ya kurekebisha sifuri ipo, ila imegandishwa na rangi ya kiwandani. Tunatoa 0.4 kila mara. Somo tulilipata, lakini vifaa vipya havipaswi kuja hivi.

Kijitabu chenyewe kitumie kufungia maandazi. Kimeandika "uzito: 100 g" kwenye mchoro uleule kilichoandika "uzito: 1 N". Najua sokoni uzito ni kilo, nami nikinunua unga sisemi tungamo. Ila kwenye kitabu cha fizikia tungamo ni kilo na uzito ni kani, nyutoni. Hapo ndipo watoto wangu wengi hupotea, na kijitabu kinawapoteza kwa rangi nne.

Utepe uliisha kwa vipindi vitatu. Usinunue wa maabara. Chukua karatasi za mashine ya EFD, zile za risiti, uzikate mikanda ya sentimita moja. Kiduara cha kaboni nacho kata kwenye kaboni ya stesheneri ukifuatisha kizibo cha soda. Vyote havifiki elfu tatu.

Nyota tatu na nusu. Kigari, kapi na tika vimelipa pesa yangu. Nusu nimeikata kwa mizani, moja kwa kuuziwa boksi lenye kigari kimoja: huwezi kugonganisha vigari ukiwa na kimoja, kwa hiyo momenta (tungamo mara mwendo) bado naifundisha kwa chaki. Nilimpigia muuzaji kuulizia kigari cha pili peke yake. Kasema hawauzi rejareja, ninunue boksi lingine.